Baba Mkwe Sikumpima

Ndugu zangu katika Bwana, mkiniona natazama chini mniwie radhi. Mnanijua, mimi ni mganga msaidizi wa hospitali yetu. Leo naungama jambo ambalo hata mchungaji sijamwambia lote.

Ni mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa. Kulikuwa na matibabu mapya Dar es Salaam kwa saratani iliyosambaa hadi kwenye ini: dawa inapitishwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye mshipa wa ini lenyewe. Sisi tulipewa nafasi moja. Daktari alipokuwa akisafiri aliniachia kazi ya kuchagua, akanisisitizia kwamba ugonjwa uwe umebaki kwenye ini tu, maana ukishavuka hapo dawa ile haimsaidii mtu. Nimvue mgonjwa nguo, nimpapase shingo, kwapa na kinena, ndipo nijaze fomu.

Wakaja wawili. Mama mmoja muuza kabichi wa Soni nilimpima kila mahali, nikaona anafaa kabisa. Wa pili alikuwa baba mkwe wangu. Jamani, mkwe! Mnajua wenyewe, mkeka mmoja tu hukai naye. Nimwambie avue suruali? Nikamwamkia shikamoo, nikatazama ukuta, nikaandika "ini tu". Nafasi nikampa yeye, kwa sababu nyumbani mke wangu alikuwa ananisubiri.

Baada ya wiki mbili alirudishwa. Walimkuta na uvimbe kinenani, wa siku nyingi. Tukamfuata yule mama mbiombio, lakini macho yalishakuwa ya manjano, hakufaa tena. Alizikwa mahindi yakiwa bado mabichi.

Nawaambia kweli, nilizama kwenye dengelua. Nilikwenda wodini nanuka pombe ya miwa, na wagonjwa wanajua.

Mkwe ndiye aliyeniita, amebaki mifupa. "Mwanangu," akasema, "ungeniambia tu, ningevua mwenyewe."

Nililia mbele yake. Kesho yake nikashuka Soni, nikamweleza mume wa yule mama kila kitu. Alilima tuta lake hadi mwisho, akalaza jembe chini. Kisha akasema, "Pombe acha. Kazi usiache. Wengine watakuja."

Namshukuru mzee huyo, na marehemu mkwe wangu, na mke wangu aliyenivumilia. Aibu yangu ilimnyima mama wa watu nafasi yake, na siku haipiti bila kumkumbuka. Basi mkija kwangu, shemeji, mama mkwe, hata wewe mchungaji, nikawaambia vueni nguo, msinione sina adabu.