Harusi Iliyovaa Kama Maiti: Kumuaga Bi. Nagumo Yasue

Bi. Nagumo Yasue anastaafu tarehe 31 Machi 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya uchapishaji ya Kitamado, hapa Jinbocho, Tokyo, kwa miaka arobaini na mitatu. Anaiacha idara ya haki za nje, inayouza katuni zetu ng'ambo, ikiwa na wafanyakazi ishirini na sita. Alipoingia ilikuwa na meza mbili, na moja ilikuwa ya kuwekea birika.

Alianza kama mhariri mdogo wa jarida letu la katuni la kila wiki. Kazi yake ilikuwa kusoma kadi ambazo wasomaji huzipigia kura hadithi wanazozipenda, na kwenda kukaa nyumbani kwa mchoraji hadi kurasa za wiki zikamilike. Alipangiwa Mwalimu (ndivyo tunavyowaita wachoraji) Hirosawa Fumi, mama aliyechora hadithi ya mpishi wa tambi wa zama za kale za Edo, na aliyekuwa na tabia ya kutoroka kupitia dirishani. Bi. Nagumo hakumkimbiza hata mara moja. Alimfichia viatu.

"Nimeomba mhariri," Mwalimu alilalamika kwa simu, "mmeniletea mama mkwe!"

Mwaka 1995 Bi. Nagumo alihamishiwa haki za nje. Hapa Japani manga, yaani katuni zetu, ilisomwa katika kila treni. Ng'ambo wanunuzi walikuwa wa kuhesabu. Hatimaye mchapishaji mmoja wa Marekani akaitaka hadithi ya Mwalimu Hirosawa. Mkurugenzi alikuwa ameshatangaza kwamba mkataba huo ukivunjika, idara itafungwa.

Sampuli ikaja. Kwa kuwa sisi tunasoma kutoka kulia kwenda kushoto, na wao kinyume chake, kurasa zote zilikuwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Ilikuwa sura ya harusi. Kimono, vazi letu la asili, hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu. Ukiwa juu upande wa kulia, hilo ni vazi la maiti. Bibi harusi, bwana harusi na wageni wote walikuwa tayari kwa jeneza.

"Nagumo, hawa wanaoana au wanazikana?" aliuliza Mwalimu. "Sitii saini."

Mkuu wa idara wakati huo, Bwana Ushioda, hakuona tatizo. "Huko ng'ambo nani atajua? Mbembeleze Mwalimu wako asaini, yaishe."

Asubuhi iliyofuata Bi. Nagumo alikuja kazini amevaa kimono, upande wa kulia juu. Bawabu alisahau kumsalimia. Lifti ilikuwa imejaa. Alipoingia, wote wakashuka. Bwana Ushioda alipomwona alisimama wima.

"We Nagumo! Nitolee balaa hilo hapa!"

"Kwani kuna nini, mkuu? Nani atajua?"

Bwana Ushioda alipiga simu Marekani kabla ya kunywa chai, akataka kurasa zisigeuzwe. Wamarekani wakasema wasomaji wao hawataweza kusoma kinyume. Bi. Nagumo akapendekeza kila nakala iwekwe onyo kwenye ukurasa wa mwisho, ambao kwao ndio wa kwanza: simama, umeanzia mwisho. Mwalimu akatia saini. Toleo la kwanza likaisha madukani, idara ikabaki, na vijana wengi wakaandika kwamba lile onyo ndilo lililowavutia. Mchapishaji wa Cairo, aliyekuja baadaye, aliuliza onyo hilo ni la nini.

Katuni za Kikorea za kusomwa kwenye simu zilipotufikia, wengi wetu tulinung'unika. Yeye, akiwa na miaka hamsini na minane, alijiandikisha darasa la Kikorea. Mwenzetu wa Seoul, Bwana Maeng, alimtania: "Dada mkubwa, simu haina kulia wala kushoto. Sisi tunashuka tu." Akamjibu kwamba kimono inazo pande zote mbili hata ikishuka kwenye simu. Leo katuni hizo ni nusu ya kazi ya idara.

Hana budi kuambiwa pia kwamba mashine ya kunakili hajaimudu mpaka leo, na kwamba chupa zake za achari kwenye friji ya ghorofa ya nne zimelalamikiwa mara mbili. Achari aende nayo.

Mwalimu Hirosawa sasa ana miaka themanini na sita, mkono unatetemeka, na alikuwa ameacha kuchora. Picha iliyo kwenye jalada la programu hii ya hafla ya kumuaga ameichora yeye wiki iliyopita: Bi. Nagumo ndani ya kimono, ameshika viatu vya mtu mwingine. Tumeikagua kwa makini kabla ya kuipeleka kuchapwa.

Asante, Bi. Nagumo. Uishi miaka mingi yenye afya na vicheko, na upande wa kushoto ubaki juu.