Manesi Wawili, Goti Moja

Boti ya Mwamgongo ilipotoka Kibirizi, Mzee Meshack alijifanya amesinzia ili asikie vizuri.

"Kwenye usaili wameniuliza nina uzoefu gani," alilalamika Esther, muuguzi aliyemaliza chuo juzijuzi tu. "Nikawajibu, huo uzoefu ndio nimekuja kuutafuta kwenu. Wakacheka, wakamwita mwingine."

Tuyizere, mama wa Kirundi aliyekaa naye, akaguna. "Mimi kwetu nilizalisha wanawake mpaka mvi zikaniota. Nimekimbia vita, nimefika kambini, wamenipa ufagio wa wodi. Eti vyeti vyangu ni vya Kifaransa, hakuna wa kuvisoma."

"Kumbe mama una uzoefu, mimi nina cheti!"

"Tungeshonwa pamoja, mwanangu, angepatikana nesi mmoja."

Mzee alicheka kimoyomoyo. Hata huyo wa kushonwa, aliwaza, wangemwambia aanze kwa kujitolea.

Boti ilipogusa mchanga wa Mwamgongo, wanawake wale wakabeba mizigo yao. Mzee akafumbua macho, akapandisha suruali, akanyoosha mguu njiani wasipite.

"Poleni wanangu, kazi mtapata tu, Mungu yupo. Sasa hebu niangalieni hili goti."