Mama Kuamkia Afunga Dirisha la Tiketi

Ijumaa, 29 Agosti 2025. Asubuhi ya leo Musoma kuna upepo wa ziwani na jua lisilo na wingu. Ni siku ya mwisho kazini kwa Mama Selestina Magesa, aliyeitumikia ofisi yetu ya tiketi za ndege kwa miaka thelathini na mmoja na siku ishirini na nane.

Alizaliwa Butiama katika familia ya wafugaji, akamaliza kidato cha nne, akaanza hapa tarehe 1 Agosti 1994 kama mpokea simu. Wakati huo bei ya tiketi iliulizwa Mwanza kwa simu ya mezani. Wengine waliuliza mara moja na kuandika walichojibiwa. Selestina aliuliza safari ileile kwa njia tatu, akapata bei tatu. Tangu siku hiyo hakuamini bei ya kwanza.

Alikuwa wa kwanza hapa kuwaonyesha wateja kwamba tiketi mbili za njia moja, za kampuni mbili tofauti, zinaweza kuwa nafuu kuliko tiketi moja ya kwenda na kurudi. Mwaka 2016 kwaya ya watu ishirini na watatu kutoka Butiama ilitaka kuruka hadi Dar es Salaam, na kompyuta ikatoa bei ya kutisha. Selestina alijua sababu: viti vya bei ya chini vimebaki vichache, na ukiomba viti ishirini na vitatu kwa mpigo, mashine inawapandisha wote bei ya juu. Akawakata mafungu. Tisa wakapata bei ya chini, wanane ya kati, na sita tu ndio wakalipa ya juu. Jumla ikagawanywa sawa kwa wote. Mwalimu wa kwaya, Lameck, hakufurahi. "Mama, umenichanganyia sauti! Besi wangu wawili wamekaa mkiani peke yao." Selestina akamjibu kwamba kwenye ndege hakuna anayeimba.

Kuna mbinu aliyoitumia kwa uangalifu zaidi. Siku nyingine tiketi ya Mwanza hadi Mtwara kupitia Dar huwa nafuu kuliko ya kuishia Dar, basi abiria anakata ya Mtwara na kushuka Dar. Selestina hakumficha mtu: kampuni za ndege hazipendi jambo hilo, usilifanye ukiwa na safari ya kurudi kwenye tiketi hiyohiyo, na usikabidhi mzigo kaunta. Aliyesita aliuziwa tiketi ya kawaida. Baltazari, mfanyabiashara wa dagaa, aliitikia yote kwa kichwa, kisha akakabidhi gunia kaunta Mwanza. Saa sita mchana alipiga simu ofisini: "Mama, mimi nimeshuka, dagaa hawajashuka!" Dagaa walikuwa njiani kwenda Mtwara. Ofisi nzima ilisikia jibu: "Huwaga nasema begi la mkononi, Baltazari. Gunia lina mkono?"

Lakini jina analojulikana nalo kuanzia Bunda hadi Mugango lilitokana na kosa. Ndege nyingi za bei nafuu huruka baada ya saa sita usiku. Kompyuta inaandika Jumatano, 00:30. Mtu wa kwetu akisoma hapo anaelewa kwamba Jumatano atashinda nyumbani, atakula chakula cha jioni, kisha aende uwanjani. Mwaka 2004 Mzee Machage wa Butiama alifanya hivyo, akakuta ndege imeondoka usiku uliotangulia. Tiketi ilikuwa sahihi, lakini Selestina alisema kosa ni lake. Tangu hapo kila tiketi ya usiku aliandika kwa kalamu, "usiku wa kuamkia Jumatano", na mteja hakuondoka dirishani mpaka arudie maneno hayo kwa sauti. Ndipo watu wakamwita Mama Kuamkia.

Mwezi huu alipoanza likizo yake ya mwisho, dirisha likabaki kwangu, mimi Sabina. Esther, binti wa Mama Anastazia wa Bunda, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi India kwa ufadhili, isipokuwa nauli. Alitakiwa kuripoti Jumatatu tarehe 18 Agosti, na barua ilisema atakayechelewa nafasi yake itapewa mwingine. Familia ilikuwa imeuza ng'ombe wawili, na fedha hazikutosha nauli ya kuondokea Dar. Selestina, kabla ya kwenda likizo, alipanga safari kwa basi kupitia Sirari hadi Nairobi, na kutoka huko ndege ya usiku. Nauli ikapungua karibu nusu, ng'ombe wa tatu akabaki zizini. Mimi nilikata tiketi na kuituma kwa simu: Jumamosi, 00:40.

Alhamisi jioni, tarehe 14, Selestina alinipigia kutoka kwake Kitaji. "Sabina, umewaandikia kuamkia?" Sikuwa nimeandika. Hakunigombeza. Alikata simu, akampigia Chrispin, mjomba wa Esther aliyesimamia safari, kumuuliza kama begi limeshafungwa. Baadaye alinisimulia.

"Mama, mbona mapema?" Chrispin alicheka. "Basi tunapanda Jumamosi asubuhi. Kesho tunachinja mbuzi wa kumuaga."

"Mchinjeni, mwanangu, ila Esther hatamla. Ndege inaruka usiku wa kesho, usiku wa kuamkia Jumamosi. Rudia."

Chrispin alirudia, na kicheko kikaisha. Usiku huohuo begi lilifungwa. Saa kumi alfajiri ya Ijumaa Esther na mjomba wake walikuwa barabarani Bunda. Selestina alifuatana nao kwa simu siku nzima: Sirari saa mbili asubuhi, foleni ya mpakani, tairi lililopasuka baada ya Kisii, Nairobi saa moja usiku. Saa sita na dakika kumi usiku, Esther aliandika kwamba amekaa kwenye kiti chake. Selestina hakulala. Alisubiri mpaka alipoona kwenye simu kwamba ndege imeruka, akaniandikia, "Ameondoka. Nalala, na wewe kalale." Ilikuwa saa saba na dakika tano. Jumatatu Esther alisajiliwa chuoni.

Mama Selestina, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya abiria ambao hawakujua umewakeshea, tunakushukuru. Tunakutakia afya njema, ng'ombe wenye maziwa huko Butiama, na kila siku kulala saa tatu usiku.