Mwalimu Masikio, Aliyefundisha Watu Kusikiliza

Ndugu waombolezaji, mliosimama na mliopata viti, mke wa marehemu ameomba historia hii isomwe kama alivyoitamka, bila kupunguzwa makali.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Masikio, alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma hadi kidato cha nne, kisha akaajiriwa kwenye duka la santuri, ambako alikuta shehena ya muziki wa India na Indonesia isiyo na mnunuzi, akawa anaisikiliza kipande kwa kipande, leo ngoma peke yake, kesho sauti peke yake, mpaka tajiri wake akamuuliza, wewe unasikiliza au unachambua mchele?

Mwaka 1978 alianza kufundisha muziki chuo cha ualimu, tarehe 9 Agosti 1980 akaoa, wakajaliwa watoto wanne, na jioni alimfuata mkewe jikoni akimwambia, mama watoto, achana na wimbo, shika mapigo, kofi pale mzunguko wa mapigo ya Wahindi unapoanza, mkono mtupu hewani pale ngoma nene inaponyamaza, na kwenye vyombo vya shaba vya Waindonesia subiri upatu mkubwa, ndio unaofunga maneno, naye akimjibu, subiri wewe, mimi sufuria inaungua.

Basi Machi 2003 mkuu wa chuo, huyo aliyekaa mbele na miwani myeusi, alichungulia dirishani, akaona wanafunzi wanapiga makofi na kupunga mikono, hakuuliza, akasema, hapa tunasomesha walimu au tunafukuza nzi, akazima muziki, darasa akaligeuza stoo ya viti vibovu, na marehemu akawekwa kusimamia bweni hadi alipostaafu mwaka 2011. Hatumsingizii, yupo, abishe.

Kiharusi kilimpata tarehe 14 Januari 2022, kikampoozesha upande wa kulia, lakini kidole cha kushoto hakikuacha kuhesabu mzunguko juu ya shuka, hadi alipotutoka tarehe 2 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na wale walimu wenzake wawili waliokuja kumwona mchana kweupe bila kumwogopa bosi. Mkuu wa chuo hatumshukuru. Asubuhi ametuma ujumbe kwamba atasimama kueleza jinsi chuo kilivyolithamini somo la marehemu, hasimami ng'o, nafasi yake tumeupa muziki wa Indonesia, kipande kirefu, kitapigwa chote, na asiyekiweza, mlango ule pale.

Baba watoto, pumzika kwa amani, leo hakuna wa kukuzimia muziki.