Rangi ya Maranda ya Mzee Chenge

Na Odeta Kashindye (Mama Winnie), usafi na chai

Leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mzee Chenge Mhoja anafunga kabati lake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu hapa Mkuyuni. Nimeambiwa niandike mimi maneno ya kumuaga kwa sababu ni mwaka wa kumi na tisa huu nafagia chini ya mashine yake. Nimekubali.

Alikuja mwaka 1991 kutoka Magu, akapewa kazi ya kupakua vyuma. Miaka mitatu baadaye marehemu Mzee Jivraj, bosi wa wakati huo, alinunua mashine ya kuchonga mifereji kwenye chuma. Ilikuwa imeshatumika, na kitabu chake hakikuja nayo. Mafundi waliikwepa. Mzee Chenge akaokota vipande vilivyotupwa, akajaribu mwendo huu na ule, kina hiki na kile, na kila jibu akaliandika ukutani kwa chaki. Ukuta ule umepakwa rangi mara mbili, na mara mbili ameziandika namba zote upya bila kuuliza mtu.

Kazi iliyompa jina ni mifereji ya chuma kigumu, kile ambacho visu vya viwandani vyenyewe hutengenezwa nacho. Chuma hicho hakitaki pupa. Kwa kisu cha mashine cha milimita kumi, yeye hukizungusha mara mia nne na hamsini kwa dakika, na kila mpito hukata milimita mbili tu. Mfereji wa kina cha milimita nane anaupitia mara nne. Mteja akimharakisha, anamwonyesha kiti. Mkewe, dada Suzana, anasema hata ugali nyumbani anaumega hivyohivyo, kidogokidogo, mpaka watoto wanamaliza mboga.

Kumbe kipimo chake kikubwa kiko sakafuni. Maranda ya chuma yakitoka meupe, au ya njano kama majani makavu, kisu kiko salama. Yakianza kuwa ya bluu, kisu kinaungua, punguza mwendo. Namba za ukutani zinanishinda mimi, lakini rangi nimezijua kwa ufagio.

Na hapo ndipo nilipomkosea, wacha niseme tu, maana wote mlikuwepo.

Binti yangu Winnie alipotoka chuo cha ufundi miaka mitatu iliyopita, wako waliosema mashine ile si ya mwanamke. Mzee Chenge akamvika miwani ya kazi, akamsimamisha pembeni yake, maneno yakaisha. Mwezi Machi mwaka huu wakapata kazi ya vishikizo vya visu vya kiwanda cha kuchambua pamba. Siku moja Mzee alikuwa kliniki ya macho, na Winnie alitaka akirudi akute kazi imekwisha. Akaweka mizunguko mia nane, kina milimita nne. Mimi napita na chai, naona maranda ya bluu, bluu kabisa kama kitenge. Badala ya kusema, nikashika ufagio nikafagia haraka, mwanangu asije akagombezwa. Mpito uliofuata, kisu kikavunjika na kipande chote kikaharibika.

Mzee aliporudi alitazama sakafu kwanza.

“Mama Winnie, leo tuna mgeni wa serikali? Mbona pamefagiwa saa tano, si saa kumi na moja jioni?”

“Palikuwa pachafu, mzee.”

“Huo uchafu ndio ninaousoma.”

Akamwaga ndoo yangu ya takataka juu ya gazeti. Winnie akaanza kulia. “Utalia baadaye,” akamwambia. “Angalia kwanza. Hapa mashine ilikwambia usimame. Halafu mama yako akafuta.”

Bosi wetu wa sasa, Pankaj, akatamka kwamba Mzee akistaafu mashine itazimwa, kazi za mifereji zitapelekwa nje, na Winnie atarudi kupiga msasa. Nikajua nimemtoa mwanangu kwenye mashine kwa ufagio wangu mwenyewe. Chai niliyopika wiki ile haikunyweka, mnakumbuka.

Lakini Mzee Chenge hakulikubali hilo. Alikwenda kwa Pankaj asubuhi, akaenda tena jioni, wiki nzima. “Bosi, nipe kipande kimoja. Akate peke yake. Akikiharibu, sherehe yangu msifanye.”

Kipande kikaja mwanzoni mwa Juni: mifereji kumi na miwili. Mzee alininyang'anya ufagio, akautundika kwenye msumari wa kofia yake. Kisha akakaa kwenye benchi, mgongo kwa mashine, kikombe mkononi, siku mbili. Mimi mlangoni nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo. Kwenye mfereji wa saba mlio ukabadilika. Nikamtazama Mzee, hakugeuka. Winnie akazima mashine mwenyewe. Akachuchumaa, akachota maranda akayapeleka kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa ya kahawia, bluu inaanza pembeni. Kisu kilikuwa kimechoka, makali yameisha. Akafunga kipya, akashusha mizunguko hadi mia nne, akaendelea. Mzee akaniambia, “Mama, niongezee chai.”

Pankaj alipima mifereji yote kumi na miwili, akairudia yote. “Haya,” akasema, “mashine ni ya Winnie. Na sherehe ipo.”

Ndiyo maana leo tumekaa hapa tunakula pilau. Na siku ile Pankaj alipomaliza kupima, Mzee Chenge aliutoa ufagio kwenye msumari, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, “Sasa fagia.”

Mzee wetu, asante kwa kutuvumilia, mimi na mwanangu. Mungu akupe afya na miaka mingi na dada Suzana huko Buswelu, na kuku wako watage. Macho yakipata nafuu, pita utuone. Njoo kabla ya saa kumi na moja jioni, utakuta pachafu.