Mdomo wa Mama Losaline

Benchi la mbele ya duka la Lisiate, hapo Nuku'alofa, mji wa kisiwani, lilitengenezwa kwa watu watatu, ila Spika, mwimba besi wa kwaya ya kanisa la Wesley, akishakaa hubaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mtu huyo alikuwa Injinia, msoma mita mstaafu. Mchana huo vikombe vyao vya kahawa vilikaa juu ya diski sita zilizoharibika, maana Lisiate hatupi kitu. Ya saba, ya mwisho dukani, ilikuwa ndani ya deki, na televisheni ameigeuza dirishani iwatazame. Humo alikuwamo mama yake Lisiate, Losaline, aliyezikwa wiki tatu zilizopita, akimwagia maneno mwanawe mkubwa, Maka, mchuma machungwa Australia, ambaye alikosa ndege ya kuja kuzika. Saa kumi binamu angepita kuichukua diski ampelekee Maka. Ilikuwa saa tisa na nusu.

— Tazama, tazama! — Spika alinyoosha kidole. — Kafunga mdomo, na bado anaongea!

— Naona, kaka, — alisema Lisiate. — Wiki nzima naona.

Mwanzoni maneno na midomo vilikwenda pamoja kama maharusi. Kufika dakika ya kumi na mbili, mama alikuwa amenyamaza, anakunjua mkeka, na sauti yake inakuja nyuma.

— Isogeze sauti mbele, — alisema Injinia.

— Nimeisogeza. Mwisho ukikaa sawa, mwanzo unaharibika. Shuka fupi hilo: funika miguu, kichwa nje.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Spika.

— Inahusu nini?

— Sijui, lakini ni kweli.

Injinia aliweka kikombe chini. Hilo huwa ni onyo.

— Sikilizeni, ni sayansi hii. Sauti ilinaswa na nini?

— Na kinasa cha kwaya, — alisema Lisiate. — Kamera ilikuwa inanasa upepo mtupu. Picha nikatoa huku, sauti kule, nikaziunga kwenye kompyuta.

— Basi kila mashine ina saa yake! Ya kamera inakimbia, ya kwaya inakokota miguu. Dakika moja huoni kitu, kumi na mbili unaona.

Lisiate alimkodolea macho. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minane Injinia kusema jambo la maana, na mwenyewe hakugundua, maana aliendelea:

— Na kwa nini inakokota? Ilipitia Samoa ya Marekani, ng'ambo ya mstari wa tarehe! Huko leo bado ni jana. Picha ni ya leo, sauti ni ya jana, inakuja kwa mtumbwi!

— Muongo mkubwa! — alinguruma Spika. — Kinasa chetu kimelelewa kanisani. Kimezoea kumngoja mchungaji akohoe. Mashine ina adabu kuliko wewe!

— Adabu ya mashine? Sikio la kufa halisikii dawa!

Neno la kufa, mbele ya mfiwa! Hata Injinia alitamani kulirudisha neno lile tumboni.

— Samahani, mdogo wangu.

— Si kitu, — alisema Lisiate. Lakini alikuwa anaitazama saa. — Dawa yake naijua sasa: kuibana sauti yote, kidogo kidogo, ilingane na picha. Ila diski tupu hakuna mpaka meli ije. Nimpelekee Maka mama mbovu? Atadhani tulimrekodi ovyo, kama mbuzi sokoni.

— Usimpelekee, — alisema Injinia.

— Mpelekee, — alisema Spika.

Kabla hawajashikana, alitokea Shangazi, dada wa marehemu baba yake Lisiate, kajifunga kiunoni mkeka wa matanga, kwa desturi ya huko. Benchi zima lilisimama, maana huko shangazi ndiye mkubwa wa ukoo. Spika alificha hata tumbo.

— Kaeni. Ndiyo filamu yenyewe hii?

— Ndiyo, Shangazi. Lakini mwishoni midomo haiendi na...

— Rudisha hapo mwishoni.

Akarudisha. Mama alifunga mdomo, akakunjua mkeka, sauti ikija nyuma.

— Anasema nini hapo? — aliuliza Shangazi.

Lisiate alimtazama Spika. Spika alimtazama Injinia. Injinia, mwenye jibu la kila kitu chini ya mbingu, alikitazama kikombe chake.

— Wewe Lisiate umeitazama mara ngapi?

— Labda sitini, Shangazi.

— Anasema nini?

— Nilikuwa naangalia midomo.

Shangazi alivua leso kichwani, akakifunika kioo chote cha televisheni.

— Rudisha tena.

Sauti ilitoka chini ya leso, karibu kuliko ilivyowahi kuwa:

“...viazi vyako, Maka, nimempa jirani avilime, usione uchungu. Usije kwa ajili yangu. Njoo siku ukiwa na njaa.” Kicheko, kile cha puani. Kisha, kwa sauti ya chini, si kwa Maka tena: “Lisi, weka chini hiyo kamera, mwanangu. Njoo ukae na mimi.”

Spika alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Injinia alisema ni vumbi, na hakuna aliyebisha.

— Ulienda kukaa? — aliuliza Shangazi, polepole.

— Nilienda. Nilimaliza kwanza kufunga kamera, nikaenda. Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Honi ya binamu ililia barabarani. Lisiate aliitoa diski, akaipangusa kwa leso ya Shangazi. Akachukua kalamu nene, akaandika juu yake: *Kaka, ukifika dakika ya kumi na mbili, fumba macho.*