Hakuna Aliyeniona Nikifungua Ile Chupa

"Nani alikuona ukifungua ile chupa?"

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa katika nyumba hii. Naanza na swali hilo kwa sababu niliulizwa na mama yangu mzazi, jikoni kwetu Bigo, akiwa amenipa mgongo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kisangani na majibu ya kila kitu. Hilo halikuwa ndani ya vitabu vyangu.

Wengi wenu mnanijua. Mnajua ninavyouliza maswali, hata pasta akiwa hajafunga Biblia yake. Sikusimama hapa kuwaambia kwamba nimeacha kuuliza. Nimesimama kusema Bwana alinitoa wapi.

Mwaka ule nilipomaliza masomo, serikali ilikuwa bado haijatupangia kazi. Tuliambiwa tungoje. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine ili nisome, na sasa zizi lilikuwa tupu, nami nimekaa mlangoni na diplomu yangu, nikibishana na kila mpita njia. Ndiyo maana Mama Kahindo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, aliponiita nihudumu katika baa yake karibu na soko, nilikubali. Mama alisema mwaka ni kitu kidogo, utapita. Wateja wakanipa jina: Lisansi, kwa ajili ya ile digrii yangu. "Lisansi, leta ya baridi!" Nilicheka nao, lakini moyoni niliungua.

Mama Kahindo alikuwa na sheria moja. Chupa haifunguliwi kaunta. Unaibeba ikiwa imefungwa, unaiweka mbele ya mteja, anaigusa, anatazama kifuniko, ndipo unaifungua machoni pake. Sababu mnaijua. Kwetu mtu hanywi kitu ambacho hakukiona kikifunguliwa. Nilimwuliza: mwenye nia ya kuua si ataweka sumu kwenye glasi? Akanitazama kama mtu anayetazama mvua. "Weye fungua mbele ya batu," akasema. "Maulizo utauliza kwenu."

Jumapili moja mchana kulikuwa na mpira redioni, na baa ilijaa mpaka nje. Kati ya wateja alikuwepo Ngabu, mchimba dhahabu wa Nizi, mtu wa mizaha, mtoto wa kiume wa pekee kwa mama yake. Alikuwa amesimama upande wa pili akaniita nimfungulie huko huko kaunta, maana ana kiu na njia haipitiki. Nikaifungua, nikapenya na chupa mkononi. Wakati ule ule goli likaingia, watu wakapiga kelele. Hakuna aliyemsikia akiniambia vile. Walichokiona ni mimi nikimpa chupa iliyo wazi.

Jua lilikuwa halijatua Ngabu aliposhikwa na tumbo. Siku ya pili akafa hospitalini.

Ndugu zangu, daktari aliieleza familia vizuri kabisa: alikuwa na kidonda tumboni cha siku nyingi, kikapasuka. Nilifurahi, Mungu anisamehe neno hilo, nilifurahi kwa sababu nilidhani ukweli ukishasemwa mambo yamekwisha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Lakini sokoni walisema daktari naye ni mtu, anaweza kununuliwa. Mbele ya baa kijana mmoja akasema kwa sauti nisikie: "Masomo yote ile ya Kisangani, kumbe walikuwa wanamufundisha dawa ya kuua batu." Wenzake wakacheka. Mimi niliona hawakucheka kwa macho.

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nilieleza kwa Kifaransa, nilichora tumbo la mtu kwenye vumbi na kijiti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyosema: angalia anavyojua mambo ya tumbo.

Mama Kahindo hakunifukuza. Alisema nikiondoka watasema nimekimbia. Akaniweka nyuma nioshe glasi, na hata hizo wateja wakaanza kuja na zao kutoka nyumbani.

Lakini baa haikuniumiza kama nyumbani. Nilikuwa nikisonga ugali kwetu tangu nikiwa mtoto. Siku moja nikakuta mama ameshapika. Siku iliyofuata vile vile. Nikampelekea baba maji ya kunywa, akayapokea kwa upole, akayaweka chini karibu na mguu wake, na yakabaki pale mpaka nzi wakaingia. Baba yangu, aliyemaliza ng'ombe kwa ajili yangu! Ndipo nilipomfuata mama jikoni na kumwuliza kama ananiamini, naye akaniuliza lile swali. Hakuwa na hasira. Alikuwa akilia, na mimi nikaona kwamba mtu anaweza kukupenda na kukuogopa katika moyo mmoja.

Kisha habari ikatufikia kwamba vijana wa mtaa wa akina Ngabu wamesema watakuja kuchoma nyumba yetu matanga yakiisha. Mnajua kwamba maneno kama hayo kwetu si ya kutisha watoto. Nilikuwa sijaomba kwa miaka. Nilisimama nyuma ya baa, mikono ndani ya maji ya sabuni, nikasema: Wewe ambaye sijui kama upo, nipe mtu mmoja tu atakayeamini mkono wangu. Sikusema amina. Niliona aibu.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, mama yake Ngabu aliingia kwenye baa. Ndugu zangu, yule mama hakuwahi kukanyaga mahali pa pombe. Alikuwa amefunga kikwembe cha matanga, amenyoa kichwa. Redio ikazimwa. Vijana walewale walikuwa nje, wakamfuata mpaka mlangoni. Alikaa kwenye kiti akaomba niitwe.

"Ni weye ulipatia mutoto yangu ile chupa?"

"Ni mimi, mama."

"Basi na miye niletee sikre. Uifungulie kule nyuma. Miye nabaki hapa, siangalie."

Mama Kahindo alitaka kuileta mwenyewe ile soda. Akakatazwa kwa mkono. Nilikwenda nyuma. Nilifungua. Kifuniko kikaanguka chini, nikarudi na chupa iliyo wazi mbele ya watu wote, kama ile siku. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake, akafumba macho, akanywa. Hakuonja. Alikunywa mpaka chini, polepole.

Alikaa pale mchana wote. Watu walimtazama. Jua lilipoanza kushuka akasimama, akanyoosha nguo yake, akaniambia nimsindikize. Tulipita katikati ya soko, amenishika mkono uleule. Vijana walitupisha njia.

Jioni ile mama yangu alinipokonya kikombe mkononi, akanywa maji yaliyobaki ndani, akakaa chini akalia kwa sauti.

Jumapili nyingine nilimfuata mama Ngabu mpaka hapa, nikakaa nyuma yake. Nilikuja kwa sababu yake, si kwa sababu ya mahubiri. Namshukuru Mungu aliyenisikia bila amina. Nawe uliyeketi hapa, uliyeeleza mpaka ukakosa maneno, na hata walio wako hawakuamini, usichoke. Mtegemee Yeye, hata kama maswali yako bado unayo mfukoni. Mimi bado ninayo.

Tumemzika mama Ngabu mwaka huu. Siku zote niliamini kwamba alikunywa kwa kuwa alijua sina kosa. Matangani binti yake aliniambia sivyo. Asubuhi ile, kabla ya kutoka, mama yao aliwagawia vikwembe vyake, akawaonyesha mahali pa kumzika, miguuni pa Ngabu. Alikuwa anaamini kabisa kwamba nilimuua mwanawe. Walipomlilia asiende, aliwaambia: "Kama ni yeye, nitafuata mutoto yangu. Kama si yeye, mutoto ya mama mwenzangu atapona."